Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Furaha, na tangu siku hiyo magoti yananiuma kana kwamba ni mimi niliyechimba kaburi. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana huo naujua; nimewaogesha na kuwalisha wazee wa watu hapa Parramatta, Australia, zaidi ya miaka ishirini, na uchovu wake unaisha ukilala. Huu ni wa mtu aliyebeba kitu kimoja kwa muda mrefu mpaka akasahau kwamba kinaweza kutuliwa. Naandika kwa sababu kwenye matanga yale niliombwa kusoma mbele za watu kijitabu nilichokiandika nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne, na nilipofika mahali fulani nikaacha kusoma, nikasema maneno ambayo hayamo kitabuni. Tangu hapo simu haziishi. Nekesa, kulikoni? Dada Nekesa, ulikuwa unamaanisha nini? Haya basi, nitaeleza, ila naonya mapema: kuna jambo moja sitalisema, na anayesoma akitarajia nitalisema mwishoni atakuwa amejisumbua bure.

Mwaka huo nilikuwa nakaa Kensington, mwendo wa dakika chache kutoka chuo kikuu. Kwenye tangazo walikiita chumba. Ukweli ni kwamba ilikuwa veranda iliyozibwa kwa vioo, na mwezi wa saba baridi iliingia humo bila kubisha hodi. Nililala na koti, soksi mbili mbili. Tulikuwa Wakenya wanne katika nyumba hiyo, bafu moja, na ndani ya friji kila mtu ameandika jina lake hadi kwenye yai. Ukuta uliotenga kitanda changu na cha Akinyi, aliyekuwa akisomea uuguzi, ulikuwa ubao mtupu, kwa hiyo kila Jumapili nilimsikia akimdanganya mamake kwenye simu. “Ndiyo, mum, nimekula ugali. Na samaki. Wacha kuwa na wasiwasi.” Nami nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akila mkate mkavu na nyanya. Nilikuwa nacheka peke yangu, kisha zamu yangu ya kupiga nyumbani ikifika nadanganya vilevile, samaki wale wale. Tulikuwa vijana, na uongo wa kumfariji mtu aliye mbali hatukuuhesabu kuwa uongo. Leo nikitafuta nilijifunzia wapi ulaini wa ulimi, narudi kwenye veranda ile.

Muhula huo nilichukua somo moja la historia, la maandishi ya watu waliotoroka utumwa Amerika wakasimulia maisha yao kwa mikono yao wenyewe. Mwafrika darasani nilikuwa peke yangu. Mwalimu akitamka tu neno mtumwa, vichwa vyote vinanigeukia. Jamani! Mtu wa Bungoma, utumwa wa Amerika ningeujulia wapi? Niliujua kama walivyoujua wao, kwa kusoma. Ila nilisoma kwelikweli, kwenye basi, jikoni, chini ya blanketi na mikono ikiwa imekufa ganzi. Mambo mawili yalinishika. La kwanza ni zile barua za mwanzoni. Unafungua kitabu cha mtu aliyetoka motoni kwa miguu yake, na kabla hajasema neno, yuko Mzungu fulani ukurasa wa mbele anaapa kwamba huyu anamfahamu, ni mkweli, na aliandika mwenyewe. Bila barua hiyo hasomwi. La pili ni lile tundu. Mtu anakusimulia mjeledi, njaa, mama aliyeuzwa, kila kitu, halafu akifika siku ya kutoroka wengi wao wanafunga mdomo. Nilitoka, basi. Nani alifungua mlango, mlango gani, mto gani, hawasemi. Mwalimu alitueleza kwamba walioachwa nyuma walikuwa bado wanaihitaji njia hiyo, na aliyewasaidia alikuwa bado anaishi palepale, kati ya mabwana. Niliandika insha juu ya kimya hicho. Ikapata alama za juu kuliko zote, mwalimu akaisoma darasani kwa sauti, nami nikavimba kichwa wiki nzima. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa najua.

Mama Furaha nilikutana naye kanisani Bankstown, katika ibada ya Kiswahili iliyofanyika Jumapili alasiri katika ukumbi wa kuazima. Wakongo ndio walikuwa wengi, Warundi wachache, na sisi Wakenya wawili watatu tuliokuja zaidi kwa ajili ya chakula cha baada ya ibada, Mungu atusamehe. Alikuwa mwanamke wa Kikongo, mfupi, mpana, mwenye sauti ya chini. Alifanya kazi katika ghala la kufungasha nyama ya kuku, na vidole vyake havikunyooka vizuri kwa baridi ya humo. Alisikia kwamba mimi ni mwanafunzi wa mambo ya kuandika, akanishika mkono baada ya ibada na hakuniachia. “Weye njo unasomea kuandika? Basi kuja kwangu siku ya posho. Nitapika.” Posho kwao ni Jumamosi, sikujua, nilidhani ananiitia unga. Alicheka mpaka akakaa. “Hawa Bakenya, Kiswahili yao iko na kiburi, na haisikii kitu!”

Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya kituo cha treni, vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili wakisimama wa tatu lazima atoke. Jiko la umeme lilikuwa na sahani nne, zilizowaka mbili. Mwiko wa kumridhisha wa kusongea ugali alikuwa ameukosa katika mji mzima, hivyo alikwenda duka la mitumba akanunua bati la kriketi la mtoto, lile gongo bapa la kupigia mpira, akalikwangua rangi kwa kisu na kulisugua kwa mafuta mpaka likang'aa. Ugali wake wa semolina ulisongwa na bati la kriketi, na hakuna ugali laini niliowahi kula kama ule. Sombe, kisamvu chao, alinunua iliyogandishwa, akaipika kwa saa tatu na dagaa na mawese, na harufu yake ilishuka ngazi hadi barabarani. Jirani wa chini, Mlebanoni, alikuwa akigonga mlango. Mara ya kwanza tulidhani amekuja kulalamika. Kumbe ameshika bakuli. Furaha, bintiye wa miaka tisa, alikaa sebuleni mbele ya televisheni, na mamake akimwita kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, bila hata kugeuza kichwa. “Coming, Mum.” Wala haji.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kitabu. Aliniambia Jumamosi ya kwanza, akiniwekea nyama zote nzuri upande wangu. “Huyu mutoto, miye nikisema anasikia nusu. Ile nusu ingine inapotea. Siku moja nitakufa na hatajua mama yake ni nani. Weye andika. Akikomaa atasoma.” Nikanunua daftari la kurasa mia moja. Kila Jumamosi nilipanda basi hadi Central, kisha treni hadi Bankstown, nikafika saa nne asubuhi, yeye akasimulia akipika, nami nikaandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kiti hakikuenea.

Alikamatwa njiani akienda shambani, Furaha akiwa mgongoni. Watu wenye bunduki waliwatia porini, na huko akakaa mwaka na nusu akiwapikia, akiwachotea maji, akiwabebea mizigo milimani, na mengine ambayo alinitajia kwa kunitazama tu kisha akageukia sufuria. Alisimulia bila machozi. Alikuwa na njia yake ya kukumbuka: kila siku ilikuwa na chakula chake. Siku fulani ni ile ya mihogo mibichi, siku fulani ni ile waliyoiba mbuzi wa watu akapewa utumbo. Nilipoona anachoka kusimulia, nilimtolea vitabu vyangu vya chuo nikamsomea, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo, nikijikwaa. Alipenda kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anabishana na watu wale kana kwamba wako jikoni. “Apana, usimuamini huyo! Atakuuza!” Siku moja nilikuwa namsomea kuhusu mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya wote ili awapikie wenye shamba, na kula masalio yao akiwa amesimama. Mama Furaha aliacha kusonga. Ugali ukaanza kushika chini.

“Kumbe miye nilikuwa mutumwa,” akasema.

Nilisema, “Mama, ugali unaungua.”

“Acha iungue. Bote balikuwa banasema, alikuwa kule pori, alitekwa, pole. Hakuna mutu alisema hii neno.” Kisha akasonga tena kwa nguvu, akalia hapohapo, sauti haitoki, machozi tu. Furaha akaingia kuuliza chakula kiko lini, akatuona, akarudi taratibu kwenye televisheni.

Na lile tundu, nilipomfikisha kwenye tundu, aliinua bati la kriketi juu. Nilimweleza vile mwalimu alivyotueleza, kwamba wengi wao hawakusema walitorokaje. Nilijiandaa kufafanua, si nilikuwa bingwa wa jambo hilo? Hakuhitaji ufafanuzi. “Mutu wa akili,” alisema. “Huyo ni mutu wa akili sana.” Wiki mbili baadaye, maji ya bomba yakiwa yanatiririka kwenye sinki na televisheni ikipiga kelele, alinisimulia alivyotoka. Alinong'ona, ingawa mtu mwingine pekee ndani ya nyumba alikuwa Furaha. Palikuwa na mtu mmoja aliyeishi kati ya wale wenye bunduki, aliyewahudumia, aliyekula nao, ambaye wao walimwona ni wao. Mtu huyo ndiye aliyemtoa Mama Furaha na mtoto wake, na kabla yao aliwatoa wengine, na alibaki palepale ili awatoe wengine tena. Aliniambia jina, kijiji, na jinsi ilivyofanyika. Kisha akafunga bomba. “Hii nimekuambia weye, kwa sababu roho yangu ilitaka kuisema mara moja kwa mutu. Haiingie mu kitabu. Pale, uruke.”

“Nimesikia, Mama.”

“Useme tena.”

“Naapa, nitaruka.”

Nami hapa naruka. Sitasema hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Kanisani palikuwa na Mzungu mmoja wa kujitolea, Heather, mwalimu mstaafu, aliyefundisha kina mama Kiingereza Jumatano. Alikuwa mtu mwema. Sitaki kumpaka matope, kosa si lake. Alitaka kijitabu kichapwe kwa ajili ya siku ya wakimbizi kanisani, Kiswahili upande mmoja wa karatasi na Kiingereza upande wa pili, kila karatasi na namba yake moja, naye aandike maneno ya mwanzo kueleza kwamba anamfahamu Mama Furaha na kwamba yote ni ya kweli. Nilikwenda kwake na rasimu. Alinipa chai ya maziwa na keki ya nazi, akasoma pale pale mbele yangu, miwani imeshuka puani. Alipomaliza alikuwa na macho mekundu. Kisha akasema kwa upole kabisa, “Lakini alitokaje? Yuko porini, ukurasa unaofuata yuko kambini ng'ambo ya ziwa. Watu watauliza, Nekesa. Watasema sehemu hii imetungwa. Nami nitaandikaje kwamba ni kweli?”

Ningemjibu. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa limeshapata alama za juu kuliko zote. Ningemwambia hata wale wa zamani waliulizwa hivyohivyo, na wakanyamaza. Badala yake niliona aibu. Niliona kitabu changu kina tundu, na kwamba msomaji atalitazama tundu badala ya kutazama jinsi nilivyoandika vizuri. Nasema kitabu changu, kwa sababu wakati huo tayari nilikuwa nimeanza kukiita hivyo kichwani. Ndani ya basi la kurudi Kensington nikafungua daftari, nikaandika pande zote mbili, wa Kiswahili na wa Kiingereza, kabla sijafika kituo changu. Jina nililibadilisha herufi mbili tu, nikajiona mjanja. Kijiji nilikiacha kama kilivyo. Nani atasoma huko? Ndivyo nilivyojiambia. Ni kijitabu cha kanisa, Bankstown, Australia. Nani huko milimani atakisoma?

Jumamosi iliyofuata ilibidi nimsomee Mama Furaha kitabu chote kabla hakijapigwa chapa. Yeye alijua kuandika jina lake na kusoma mabango ya treni, si zaidi. Alivaa kitenge kipya kwa ajili ya kusomewa. Alizima jiko, alizima televisheni, akamketisha Furaha karibu naye, akakunja mikono. Nilisoma ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na moja. Nikageuza karatasi mbili kwa pamoja, sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, nikaendelea na wa kumi na tatu. Nilikuwa nimeapa kwamba pale nitaruka. Nikaruka, mbele yake, kwa mdomo. Aliitikia kwa kichwa. “Umeandika muzuri, mwana wangu. Na pale umeruka. Asante.” Kisha akawasha jiko, akanipikia samaki.

Siku ya kijitabu kutoka palikuwa na soseji za kuchoma, sombe, na puto. Mama Furaha alikaa nyuma ya meza, na kwa kuwa Heather alimwambia waandishi husaini vitabu vyao, aliandika jina lake kwenye kila nakala, polepole, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo. Nakala thelathini. Nilisimama nyuma yake nikimfungulia kila kijitabu kwenye ukurasa wa mbele, na kila kimoja nilikifunga mwenyewe haraka kabla hakijafunguka kwingine. Watu walipiga makofi. Nilipigiwa makofi pia mimi, nikainama.

Ilichukua miezi miwili. Kwa hesabu yangu hakuna wa huko ambaye angesoma, lakini sisi tunajuana. Kitu kizuri hatukai nacho. Muumini mmoja alimtumia nakala dada yake kambini, dada akasomea wenzake, mtu akalitambua jina lenye herufi mbili zilizobadilishwa, akafurahi! Alifurahi, masikini, akaenda kumsimulia mwingine kwa furaha kwamba ndugu yetu fulani ameandikwa kitabuni Australia, ni shujaa. Shujaa. Habari ikatembea kwa miguu mpaka ikafika isipotakiwa. Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda na Mama Furaha nyumbani kwake. Alikuwa amenunua kadi ya simu, ile ya kukwangua. Alizungumza na mtu wa kwao kwa lugha yao, si Kiswahili, nami nikawa natenga sahani. Nilimsikia akisema eeh. Eeh. Eeh. Alipoweka simu chini alinieleza kwamba watu walikwenda nyumbani kwa yule mtu alfajiri. Hawakumkuta. Kama alikimbia au alichukuliwa kabla, hakuna anayejua. Nyumba imechomwa.

“Banasema ni kitabu,” alisema. “Banasema jina iko mu kitabu, page ya kumi na mbili. Miye nimewaambia apana, pale tuliruka.” Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua nakala yake, akanipa. “Nisomee ile page ya kumi na mbili.”

Nilisoma. Nilisoma yote, hadi nukta ya mwisho, sahani zimebaki mezani bila kitu. Hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angenipiga. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. “Si weye njo ulinisomea? Bale batu ba zamani, si weye njo uliniambia sababu ya kunyamaza? Sasa ulikuwa unasoma na nini?”

Nikakusanya sahani, moja moja, nikazirudisha.

Jumamosi zilizofuata hazikuwa za kusimulia. Tulizunguka. Granville, Auburn, Lakemba, nyumba kwa nyumba, yeye mbele na mimi nyuma na wembe kwenye pochi. Alikuwa anabisha hodi, anasalimu, anauliza hali ya watoto, anakunywa chai akikaribishwa, halafu anaomba kijitabu. Wenye nyumba walidhani amekosea kitu anataka kurekebisha. Alikifungua mezani, akanisogezea. “Kata weye. Weye njo uliiandika.” Nikakata, na yeye akaikunja ile karatasi akaitia kifuani ndani ya kitenge. Nyumbani alizichoma kwenye sinki, akafungua dirisha ili kengele ya moshi isilie. Nakala ishirini na nane tulizipata, yake ikiwemo. Moja ilikuwa kambini. Ya mwisho ilikuwa ya Heather, ambaye alikuwa amehamia kwa mwanawe Queensland, na barua yetu sijui kama ilimfikia. Kila Jumapili, mwaka ule na miaka iliyofuata, Mama Furaha alikwangua kadi ya simu na kupiga namba ileile ya mtu wa kwao. Haikuita tena.

Mwaka ule ulipoisha niliacha historia. Nilikwenda kujifunza kutunza wazee, kazi ya kuinua watu na kuwageuza, ambayo insha yake haisomwi na mtu.

Sasa turudi Jumamosi iliyopita. Ukumbi ni uleule wa Bankstown, mazulia mapya. Binti ya Heather alikuja, mama wa makamo, akiwa na bahasha. Mamake alifariki zamani, alisema, na kitu hiki alikitunza maisha yake yote; alifikiri familia ingependa kukipata. Furaha alifungua bahasha jikoni mwa ukumbi; ndani kilikuwa kijitabu, karatasi zote zimo. Furaha sasa ni mtu mzima, muuguzi, mama wa watoto wawili ambao hata ile nusu ya Kiswahili hawana. Alikuwa na nakala ya mamake tangu utotoni, na hakuwahi kujua kwa nini ina karatasi iliyokatwa. Akasoma ukurasa wa kumi na mbili amesimama, na kilichofuata nilikiona usoni mwake kabla hajafungua mdomo.

“Auntie, kuna mtu alituokoa,” alisema, Kiswahili na Kiingereza vikigongana. “Mimi na Mum. Somebody with a name. Soma leo. Soma yote. Watu wa Uvira wanatazama, Nairobi, Norway, wote wako online. That person deserves a thank you.”

“Mamako hakutaka.”

“That was twenty-something years ago! Nani atamdhuru sasa?”

Nani atasoma huko. Nani atamdhuru sasa. Ni sauti ileile, ila haikuwa yangu, na safari hii ilitoka kwa mtu mwenye haki kuliko mimi. Kwa sababu Furaha hakukosea, shukrani ile inadaiwa. Na huenda yule mtu alishakufa siku ileile. Lakini huenda alivuka salama, akazeeka mahali kwa jina jingine, ana watoto, na wale wenye bunduki nao wana watoto. Nilichukua kijitabu bila kumwahidi kitu, nikaenda mbele. Simu tatu zilikuwa zimesimamishwa kwenye vijiti zikirusha picha. Nikasoma. Watu walicheka penye mbuzi wa kuibwa, walilia penye mengine. Nilipofika mwisho wa kumi na moja, mkono wangu uligeuza karatasi mbili kwa pamoja, wenyewe, kama siku ile. Nikaukamata. Nikarudisha karatasi moja.

“Hapa kuna ukurasa,” niliwaambia. “Mama Furaha alinikataza kuuandika, nikauandika. Nilimsomea kitabu hiki nikauruka asijue. Mtu alilipa kwa ajili yake, na mtu huyo si mimi. Leo nauruka tena, nanyi mnajua kwamba nauruka.” Mama mmoja wa Kikongo nyuma akavuta pumzi, “Eeeh, Yesu.” Nikasoma wa kumi na tatu hadi mwisho, nikamrudishia Furaha kijitabu, nikaketi, na hakuna aliyepiga makofi.

Baadaye nilimfuata Furaha jikoni. Alikuwa anasonga ugali wa watu mia na bati la kriketi, lile lile, limekuwa jeusi mpini wote. Kijitabu kilikuwa mezani, karatasi ya kumi na mbili imeshakatwa. Sikuiona ilipo, nami sikuuliza. Kifuani mwa gauni lake palikuwa pametuna kidogo. Nilichukua sahani nikaanza kupanga. Aliuliza bila kuacha kusonga.

“Did she forgive you, Auntie?”

Nilifikiria Jumamosi zote za miaka yote iliyofuata, ghorofa ya pili, mimi kwenye ndoo yangu, nyama nzuri zikiwekwa upande wangu, na yule mwanamke akizungumza nami juu ya hali ya hewa, bei ya semolina, wagonjwa wa kanisani.

“Aliendelea kunipikia,” nikamwambia. “Kunisimulia, hakunisimulia tena.”